FUNGA KITABU, UJIULIZE
Somo kwa wanafunzi, wazazi na walezi



Kila mwezi wa nane, shule zikishafungwa, ukumbi wetu wa parokia hugeuka kuwa darasa. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne huja alasiri na kukaa hadi saa tatu za usiku, kwa sababu hapa pana taa ya sola na kwao wengi bado wanatumia koroboi. Sisi wa kamati ya maendeleo tulijivunia sana jambo hili. Tulikuwa tumefanya harambee, tukanunua betri, taa nne, madawati na vitabu vya masomo saba. Ukipita dirishani usiku ungeona vichwa vimeinama, midomo inacheza, kalamu za manjano zinapaka mistari. Tukasema, basi, kazi imefanyika.

Jioni moja mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliingia akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alikusanya vitabu vyote, akavirundika mezani, akampa kila mtoto karatasi tupu. "Andika yote uliyosoma tangu ulipofika leo. Dakika kumi." Kimya kikatanda. Wengine walitafuna kalamu. Wengine walitazama dari kana kwamba majibu yameandikwa kwenye mabati.

Msichana mmoja wa kidato cha nne alikuwa ameketi tangu saa nane mchana na kitabu cha biolojia, sura inayohusu kazi ya figo. Aliandika mistari minne, na miwili kati ya hiyo ilikuwa na makosa. Halafu akaweka kichwa mezani akalia. Mama yake tunamjua sote. Mwezi wa tano alikuwa ameuza mtamba wake wa pekee ili alipe karo, na mtihani wa majaribio ukamletea mtoto D+. Wala si kwamba alikuwa mvivu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika ukumbini na wa mwisho kuondoka.

Usiku ule tuliumia. Tulikuwa tumenunua taa, tumenunua vitabu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaambia watoto hawa kitabu husomwaje hata kikakaa kichwani. Tulidhani wanajua. Walimu wanadhani wazazi wamesema, wazazi wanadhani ni kazi ya walimu, na mtoto yuko katikati na kalamu yake ya manjano. Somo la toleo hili ni deni hilo, tunalilipa.

Kusoma tena na tena kunadanganya

Hebu fikiria mtu unayemwona sokoni kila Jumanne. Uso wake unaujua kabisa. Ukikutana naye hata mjini utamtambua. Sasa mtu akikuuliza, "Anaitwa nani yule? Anatoka kijiji gani?" unabaki kukuna kichwa. Kumtambua ni jambo moja, kujua habari zake ni jambo lingine.

Kitabu ni vivyo hivyo. Ukikisoma mara ya kwanza kinakuwa kigumu. Mara ya pili kinateleza kidogo. Mara ya nne macho yanakimbia yenyewe na moyo unasema, "Haya nayajua." Kumbe unachojua ni sura ya ukurasa. Unajua kwamba mchoro uko upande wa kushoto na kwamba chini yake pana kisanduku. Lakini mtahini hatakuletea ukurasa uutambue. Atakuletea swali tu na nafasi tupu, na kilichomo kitoke kichwani mwako bila msaada.

Basi kalamu ya manjano inaongeza udanganyifu. Mkono unafanya kazi, ukurasa unapendeza, saa zinapita. Tuliona daftari moja ambalo karibu kila mstari ulikuwa umepakwa rangi. Tukamwuliza mwenyewe: sasa kipi ndicho muhimu? Akacheka. Hatusemi rangi ni dhambi, lakini kupaka rangi si kujifunza.

Maneno yetu ya Kiswahili huko Marekani

Sasa sikilizeni kisa hiki, kwa sababu kinatuhusu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walitaka kujua ni kipi hasa kinachofanya jambo likae akilini: kusoma au kujiuliza? Walihitaji maneno ambayo wanafunzi wao wa chuo hawajawahi kuyasikia. Wakachukua Kiswahili! Waliwapa vijana maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza; mojawapo lilikuwa "mashua".

Vijana waligawanywa katika makundi. Wote walisoma maneno, kisha wakaulizwa, na kazi ikaendelea hivyo kwa zamu mpaka wakayajua. Tofauti ilikuwa hapa. Katika kundi moja, neno likishajibiwa sawasawa mara moja, kijana aliendelea kulisoma lakini hakuulizwa tena. Katika kundi lingine ilikuwa kinyume chake: hakulisoma tena, ila aliendelea kuulizwa. Mwisho wa siku ile wote walikuwa wameyajua maneno yote, na walipoulizwa watakumbuka mangapi baada ya wiki, makundi yote yalikisia karibu nusu.

Wiki ikapita, wakaitwa. Walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka kama asilimia 36. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80. Yaani kati ya maneno 40, hawa maneno 14 hivi, na wale 32. Kitabu kile kile na akili za aina moja. Tena angalieni, hakuna aliyejua mapema kwamba atashindwa. Walioanguka walikuwa na matumaini sawa na waliofaulu, kama yule binti wetu wa ukumbini.

Wengine watatuambia, "Lakini mimi nilikremu usiku, asubuhi nikapata 70 kwenye kipimo." Ni kweli, na watafiti hao hao waliliona hilo mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma habari mara nne. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakafunga na kujaribu kuikumbuka mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wakawa na asilimia 40 na wenzao 61. Kukremu kunafaa kwa kipimo cha kesho asubuhi. Lakini KCSE inauliza mambo ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, na kidato cha kwanza si jana usiku.

Simama hapa kidogo

Kabla hujaendelea, funga jarida hili. Ndiyo, lifunge. Chukua kijikaratasi chochote uandike: watafiti walitumia maneno mangapi, makundi yale mawili yalitofautiana vipi, na matokeo yalikuwa nini. Kisha fungua uangalie ulipokosea.

Umefanya? Kama umepita tu bila kufunga, hatukulaumu, nasi tungefanya hivyo. Lakini kama ulifunga, umeona ilivyo. Ni kazi ngumu, inaudhi, na unajisikia kama mjinga. Hisia ile ndiyo inayowafukuza watoto wengi kwenye njia hii. Wanasema, "Nikisoma naelewa, nikijiuliza nasahau," kisha wanarudi kusoma. Mwanafunzi mpendwa, ule ugumu wa kuvuta jambo kutoka kichwani ndio kujifunza kwenyewe. Ni kama kuteka maji kisimani: kamba inaumiza viganja, lakini hakuna njia nyingine ya kuyapandisha maji.

Namna ya kufanya

Ukumbini sasa tunafanya hivi. Mwanafunzi anasoma kipande kidogo, kurasa tatu au nne, taratibu, akitafuta maana. Anafunga kitabu. Kwenye karatasi tupu anaandika au kuchora yote anayokumbuka, hata kama ni mafupi na yamevurugika. Akikwama anangoja kidogo, anajilazimisha, kwa maana mara nyingi jambo huja ukilisubiri. Kisha anafungua kitabu na kwa kalamu ya rangi nyingine anasahihisha na kuongeza aliyoyaacha. Ile rangi ya pili ndiyo ratiba yake ya kesho, maana inamwonyesha asichokijua.

Kusahihisha ni lazima. Mtu anayejiuliza bila kuangalia majibu anaweza kukaza kosa kichwani mpaka likawa gumu kung'oa. Tulikuwa na kijana aliyesema kwa ujasiri mkubwa kwamba mishipa ya vena ndiyo inayotoa damu moyoni kwenda mwilini. Alikuwa amejiuliza mara tano na kujijibu hivyo hivyo mara tano! Vena hurudisha damu moyoni. Arteri ndizo zinazoitoa.

Maswali yatoke wapi? Geuza kila kichwa cha habari kuwa swali. Kitabu cha historia kikisema "Vita vya Maji Maji, 1905–1907", wewe andika: Kwa nini watu wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania waliinuka dhidi ya Wajerumani? Kinjikitile aliwaambia nini kuhusu maji? Kwa nini walishindwa? Nyuma ya karatasi weka majibu: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, ukatili wa maakida, na kadhalika. Lakini usiishie kwenye orodha. Jiulize pia "kwa nini?" Kwa nini pamba ya kulazimishwa iliwauma watu? Kwa sababu walitolewa kwenye mashamba yao ya chakula wakati wa kulima, na malipo yalikuwa duni. Jambo lenye sababu hukaa kichwani kuliko jambo lililoning'inia peke yake.

Visanduku vitatu

Jambo la pili tulilokuwa hatulijui ni la kuachanisha siku. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Alikuwa amejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akaangalia zinapotea kwa kasi gani. Aliona kwamba tunasahau kwa haraka sana mwanzoni, katika saa ya kwanza na siku ya kwanza, kisha mwendo unapungua. Akaona pia kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku mbalimbali kunafaa kuliko kurudia kwingi kwa mara moja. Watu wamelijaribu jambo hili mara nyingi tangu hapo, na bado linasimama.

Mkulima analijua hili bila kitabu. Huwezi kumimina mitungi kumi ya maji kwenye mche siku moja halafu uuache mwezi mzima. Saa nne za kemia siku ya Jumamosi si sawa na saa moja moja kwa siku nne, ingawa jumla ni ile ile.

Shida ni kukumbuka lini urudie nini. Hapo tulisaidiwa na mpango uliofanywa maarufu mwaka 1972 na mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner. Sisi tumeurahisisha kulingana na mifuko yetu. Kata kadi kutoka kwenye karatasi ya manila au katoni za sabuni, ukubwa wa kiganja. Mbele swali, nyuma jibu. Tafuta visanduku vitatu. Makopo ya kasuku yaliyokatwa juu yanatosha. Kadi zote mpya zinaanza kopo la kwanza, na hilo unalipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia kopo la pili, ambalo unalipitia kila baada ya siku tatu. Ukijibu sawa tena, inaenda la tatu, la mara moja kwa wiki. Ukikosea, haijalishi ilikuwa kopo gani, kadi inarudi la kwanza. Kwa njia hii unatumia muda mwingi kwa yale usiyoyajua, na yale unayoyajua unayachungulia tu yasichuje.

Uzuri wa kadi ni kwamba zinaingia mfukoni. Binti anayengoja zamu yake ya maji kisimani kwa dakika arobaini anaweza kupitia kadi ishirini. Mvulana anayechunga mbuzi pia (mbuzi wasiingie tu shamba la watu!). Wazazi wanatuuliza mara nyingi: kazi za nyumbani zitafanywa na nani mtoto akisoma? Hatuwezi kusema kazi ziachwe, tunajua hali ya nyumba zetu. Lakini tunaomba mgawo uwe wa haki, kwa maana tumeona nyumba ambamo kaka anasoma na dada anapika, na wote wawili wana mtihani mmoja.

Hesabu ina tabia yake

Kwa upande wa hesabu tumejifunza jambo lililotushangaza. Kawaida mwanafunzi huchukua mada moja, tuseme logarithimu, akafanya maswali ishirini mfululizo. Kufikia la tano mkono unakwenda wenyewe. Anafurahi. Siku ya mtihani analikuta swali lile lile katikati ya maswali ya mada nyingine, na hajui aanzie wapi.

Sababu ni nini? Ukifanya maswali ishirini ya mada moja, hujifunzi kuchagua njia, kwa sababu njia unaijua kabla hujasoma swali. Karatasi ya KCSE ya hesabu ina sehemu ya kwanza yenye maswali 16, yote ya lazima, kila moja kutoka kona yake. Hakuna anayekuambia, "Hili ni la logarithimu." Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walipima jambo hili huko Florida kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Waliofanya aina moja baada ya nyingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa walipata 60 tu. Lakini baada ya wiki moja, wa kwanza walipata asilimia 20, na wale wa mchanganyiko 63.

Kwa hiyo, ukishaelewa mada mpya na kufanya maswali machache ya kuizoea, anza kuchanganya. Andika maswali ya mada sita kwenye vijikaratasi, uvitie kwenye kofia, uchomoe. Utakosea zaidi kuliko zamani. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Karatasi za mitihani iliyopita

Hizi zinauzwa kila duka la vitabu, nazo ni nzuri, ila wengi wanazisoma kama riwaya. Wanasoma swali, wanachungulia jibu, wanasema "aa, ndiyo," wanaenda la pili. Huko ni kumtambua mtu wa sokoni tena. Ficha majibu. Weka saa. Karatasi ya hesabu ni alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama tatu likikula dakika kumi, liruke urudi baadaye. Ukimaliza, sahihisha kama mtahini asiyekujua, bila kujihurumia.

Kwa Insha ya Kiswahili, usikariri insha nzima ya mtu. Chukua maswali manne, na kwa kila moja andika mpango wa hoja tu kwa dakika tano, bila kitabu. Ukiweza kufanya mipango minne, umejiuliza mara nne. Kisha andika moja kwa ukamilifu.

Na vikundi vya majadiliano? Vinafaa, lakini kwa sharti. Kikundi ambacho mmoja anaeleza na watano wanatikisa kichwa kimemsaidia yule mmoja. Zungusheni. Kila mtu aeleze kitu, vitabu vimefungwa, na wengine wamuulize. Tena msizidi watano. Mkifika wanane inakuwa sherehe.

Mzazi asiyesoma anaweza kufundisha

Sasa tunazungumza na wazazi na walezi, hasa ninyi mnaosema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Tutawasimulia kisa cha yule binti wa figo, ambaye anaishi na nyanya yake baada ya mama kwenda kutafuta kazi mjini. Nyanya hajui kusoma. Tulimwomba ajaribu jambo moja: kila jioni, wakati wa kuchambua maharagwe, amwambie mjukuu amweleze kitu kimoja alichosoma, kwa lugha ya nyumbani.

Siku ya kwanza binti alisema kwa Kiingereza chote sentensi ya kitabuni kuhusu osmosisi, neno kwa neno. Nyanya akamwambia, "Mjukuu wangu, hiyo ni ya mwalimu wako. Mimi niambie ni nini." Binti akajaribu: maji hupita kwenye utando kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande wenye nyingi. Nyanya akafikiri, akauliza, "Ndiyo maana kachumbari hutoa maji nikitia chumvi?" Binti alituambia kwamba alinyamaza muda mrefu. Alikuwa ameijua sentensi ile tangu kidato cha kwanza na hakuwahi kufikiria kachumbari. Ndiyo, nyanya, ndiyo maana hasa. Chumvi iko nje ya nyanya na vitunguu, nayo inayavuta maji kutoka ndani ya seli.

Mzazi, huhitaji kujua jibu. Mwulize: "Ni nini hiyo? Kwa nini iko hivyo? Nionyeshe mfano hapa nyumbani." Ukiona anababaika, mwambie akaangalie kitabu arudi kesho. Usimcheke. Na badala ya kumwuliza "Umesoma?", ambalo jibu lake ni "ndiyo" siku zote, mwulize "Leo umekumbuka nini bila kitabu?"

Ila jambo moja, wanafunzi. Mtihani ni kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili na lugha nyinginezo, na mtahini anatafuta maneno fulani. Ukishaeleza kwa lugha ya nyumbani, malizia kwa kuandika jibu kwa Kiingereza na istilahi zake. Kuelewa kwanza, istilahi baadaye, lakini zote mbili.

Usingizi si adui

Tunajua wanafunzi wanaoweka miguu kwenye karai la maji baridi wasilale. Wengine wanafanya "transi", usiku kucha mpaka alfajiri, na shuleni wanasifiwa kwa hilo. Hatukubaliani kabisa. Jambo ulilojifunza mchana huendelea kukazwa akilini wakati umelala. Tangu mwaka 1924 kulikuwa na jaribio Marekani lililoonyesha kwamba mtu akikariri kitu kisha akalala, hukumbuka zaidi kuliko akikaa macho kwa muda ule ule, na utafiti wa baadaye umeendelea kuonyesha faida ya usingizi. Wataalamu wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Tunajua si rahisi kuzipata, lakini anayelala saa nne ajue anamwaga alichoteka. Sisi ukumbini tunazima taa saa tatu kamili, hata wakilalamika.

Wazazi wa watoto wa mtaala mpya nao wanauliza kama haya yanawahusu, maana KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Yanawahusu. Kichwa cha mtoto wa gredi ya saba kinasahau kama kichwa cha mtoto wa darasa la saba.

Na yule binti? Hakukuwa na muujiza. Alikuwa na miezi mitatu tu, na kadi zake zilifika mia mbili na kitu. Alipata C. Haikumpeleka chuo kikuu kama mama alivyoombea, lakini ilimtosha kuingia chuo cha ufundi wa maabara, na ndiko aliko sasa. Yeye mwenyewe anasema kinachomwuma ni kwamba hakuambiwa akiwa kidato cha kwanza. Hilo linatuuma sisi zaidi.

MASWALI YA VIKUNDI
(Jibuni kwanza bila kufungua jarida, kisha mhakikishe.)

1. Kwa nini kusoma ukurasa mara nne humfanya mtu adhani anajua?
2. Kati ya wanafunzi wa Marekani waliojifunza maneno ya Kiswahili, ni kundi lipi lililokumbuka zaidi baada ya wiki, na kwa nini?
3. Kadi iliyo kwenye kopo la tatu ikikosewa inakwenda wapi?
4. Katika nyumba zenu, nani ana nafasi ya kusoma jioni na nani hana? Mnaweza kubadilisha nini wiki hii?
5. Kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja alilosoma wiki hii, kwa lugha ya nyumbani, na mwenzake atafute mfano wake jikoni au shambani.

Vikundi vinavyotaka mfano wa visanduku vya kadi vije ukumbini Jumamosi alasiri. Leteni mkasi na katoni tupu.